MIKUPUO MIWILI YA MSTAAFU



Juma hili nataka tuzungumze habari ya mtu ambaye karibu kila ukoo unaye: baba au mama, mjomba au shangazi, aliyefanya kazi ya mshahara miaka mingi, na sasa amerudi nyumbani kwa kuwa umri wake umetimia. Twamwita mstaafu. Najua wengine mtasema, “Habari hiyo yatuhusu nini sisi wakulima? Jembe halina siku ya kustaafu.” Ni kweli. Lakini mstaafu huyo harudi mwezini, arudi kwenu. Nyumba atakayokaa imo katika ukoo wenu, na fedha zake zikipotea, ninyi ndio mtakaomlisha. Basi habari hii ni yenu pia.

Mifano yangu naitoa Mwanga, Kigoma. Mwanga iko katikati ya mji wa Kigoma, penye stesheni na bandari, na mji wa kale wa Ujiji. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kukata nchi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Tangu siku zile watu wa reli, mabaharia, makarani, walimu, wauguzi na polisi wamepita hapa. Wakimaliza kazi, wengine hurudi Kasulu, Kibondo, Buhigwe au Uvinza; wengine hubaki na kujenga Mwanga. Wahenga walisema, “Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo la chombo. Hata ukitembea chombo kizima, mwisho utarudi chini pale pale.

Sasa sikilizeni neno langu la leo. Watu wote hujua kwamba mstaafu hupokea fedha za mkupuo. Wachache sana hujua kwamba hupokea mikupuo miwili. Wa kwanza ni wa fedha, wa pili ni wa saa. Na katika hiyo miwili, ule wa pili ndio huponyoka kimya kimya.

Tuanze na fedha.

Sheria yetu humruhusu mtumishi wa kawaida kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na humlazimu kustaafu akifika miaka 60. Watumishi wa Serikali huwekewa akiba yao katika mfuko wa PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Watu wa kampuni na mashirika ya binafsi wako NSSF. Mtu akitimiza masharti hulipwa kwa njia mbili: sehemu moja hupewa mara moja, huo ndio mkupuo, na sehemu ya pili hupewa kila mwezi muda wote awapo hai.

Mwishoni mwa mwaka 2018 palikuwa na kelele nyingi nchini kwa sababu kanuni mpya zilikuwa zimeupunguza mkupuo hadi asilimia 25, hata Rais John Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuuongeza tena mkupuo. Siwalaumu waliopiga kelele. Fedha ni jasho lao. Lakini angalieni jambo moja. Mkupuo ukiliwa umekwisha. Pensheni ya mwezi, hata ikiwa ndogo, yarudi tena mwezi ujao. Mkupuo ni mvua ya siku moja, nayo pensheni ni kisima. Mwenye busara husimika nyumba yake juu ya kisima.

Na mvua hiyo ikinyesha, wageni huja. Mpwa asiyeonekana miaka saba afika na hodi yake, ana mpango wa pikipiki. Rafiki wa zamani ajua shamba linalouzwa rahisi, ila mwenyewe ataka fedha leo leo. Fundi amwambia mzee kwamba nyumba isiyo na ghorofa haimfai mtu wa cheo chake. Wote hao huenda wasiwe wezi. Lakini kila mmoja amekuja na haraka, nayo haraka si rafiki wa mtu wa miaka 60, maana akikosea hana miaka mingine 30 ya mshahara ya kusahihisha.

Huku ziwani wengi huvutwa na boti za dagaa. Biashara hiyo ni nzuri kwa aijuaye. Ukiwa juu Mwanga usiku wa giza na kutazama Ziwa Tanganyika, waweza kuona taa za wavuvi zimejipanga majini kama mji mwingine. Mstaafu huziona taa zile akazihesabu kuwa fedha. Hajui kwamba dagaa hufuata taa wakati wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hushindwa, wavuvi wakavuta boti zao mchangani wakapumzika. Wala hajahesabu kwamba ziwa laweza kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Basi mtu aliyenunua boti, injini na nyavu kwa mkupuo wote, akajiandikia mapato ya miezi 12, atajibu nini nyumbani mwake miezi ile mitatu? Boti yaoza na nyumba ina njaa. Kosa si la ziwa. Ziwa lina desturi zake, naye hakuziuliza.

Kwa hiyo nawapa shauri jepesi. Fedha za mkupuo zikifika, zikae benki miezi sita bila kununuliwa kitu kikubwa chochote, isipokuwa kulipa deni la lazima au kuziba paa linalovuja. Katika miezi hiyo mzee na mkewe wakae na daftari, waandike nyumba yao yala nini kwa mwezi: unga, mafuta, sabuni, dawa, ada, michango ya misiba na harusi. Jumla hiyo wailinganishe na pensheni ya mwezi. Pengo likionekana, hapo ndipo watajua mkupuo una kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nimesema mzee na mkewe, wala sikuteleza. Ziko nyumba ambamo mama hajui hata jina la mfuko unaomlipa mumewe. Baba akifa, mama huanza kuuliza njia kama mgeni stesheni. Je, hayo ni mapendo?

Kuna habari ya kweli ambayo watu wa reli hawataisahau. Zamani reli zetu, bandari, posta na mambo mengine mengi yalikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Nchi tatu zilipatana juu ya kugawana mali na madeni mwaka 1984. Lakini wafanyakazi wake huku Tanzania waliendelea kudai mafao yao mwaka hata mwaka, wakaenda mahakamani, mpaka mwaka 2005 yalipofanywa makubaliano na malipo yakaanza. Hesabuni wenyewe: toka 1977 mpaka 2005 ni miaka 28. Aliyekuwa kijana wa miaka 30, anayekata tiketi, alikuwa mzee wa miaka 58. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na madai yakabaki mikononi mwa wajane na watoto, ambao hawakuwa na budi kutafuta karatasi za ajira na hati za mirathi.

Mafundisho yake ni haya. Barua ya kuajiriwa, barua ya kupandishwa cheo, kadi ya mfuko, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: vitu hivi havistahili kukaa chini ya godoro vikiliwa na mchwa. Vitieni katika bahasha moja, bahasha katika mfuko usiopenya maji, na watu wawili nyumbani wajue ilipo. Tena mfuko wa pensheni huhakiki wastaafu wake kila mara ili kujua nani yu hai. Asiyejitokeza kuhakikiwa aweza kusimamishiwa malipo, ingawa anakula ugali na migebuka yake kwa afya njema. Kijana wa nyumbani mwenye simu aisaidie kazi hiyo, wala asidai soda.

Basi, hiyo ni fedha. Tuje kwenye saa.

Mtu afanyaye kazi saa 40 kwa juma hutumia saa zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Miaka 30 au 35 saa hizo zilikuwa na mwenyewe. Kengele ya shule, honi ya meli, filimbi ya treni, zamu ya hospitali, ndivyo vilivyomwambia aamke lini, ale lini, arudi lini. Siku ya kustaafu saa zote hizo humrudia mkononi kwa mara moja. Fedha angalau huja na karatasi na maafisa wa kumshauri. Saa huja bila karatasi.

Juma la kwanza ni tamu. Mzee alala mpaka saa mbili asubuhi. Juma la pili aanza kuzunguka uani. Juma la tatu aingia jikoni, na hapo ndipo mambo huanza.

“Mama watoto, mbona mkaa wa gunia hili umekwisha upesi?”

“Mzee wangu, mkaa huu umewaka miaka 30 bila wewe kuuhesabu, na kila ulipotoka kazini ulikuta chakula.”

Wasomaji, msicheke sana, maana jambo hili ni zito. Mama naye alikuwa na saa zake. Alikuwa na jiko lake, majirani zake, chama chake cha kuweka na kukopa, na mpango wa siku nzima ambao mume hakuwahi kuuona kwa kuwa hakuwapo. Sasa katika ofisi yake ameingia bosi mpya asiyejua kazi. Baba apanga upya sufuria; aamuru watoto wa jirani wasipite uani; afungua redio kwa sauti kubwa wakati mama anapozungumza na mgeni. Wala hafanyi hivyo kwa ubaya. Anatafuta mahali pa kusimamia. Alizoea kuitwa “mkuu wa zamu”, na sasa hakuna zamu.

Asipopata mahali nyumbani, atapata nje. Kuna benchi mbele ya duka, kuna bao chini ya mwembe, na hayo si mabaya. Wazee wa Mwanga na Ujiji, Wakristo na Waislamu, wamekaa pamoja namna hiyo tangu zamani, na mengi ya amani yametokea barazani. Lakini baraza ni chumvi ya siku, si chakula chake. Na jirani ya benchi huwa pana kilabu. Wazee wangapi waliokunywa chupa moja jioni wakati wa kazi, wamekuja kunywa tangu saa nne asubuhi baada ya kustaafu, si kwa kiu, ila kwa sababu saa nne asubuhi ilikuwa tupu?

Dawa yake ni nini? Si kumwambia mzee apumzike. Kupumzika ni kwa mtu aliyechoka, naye hakuchoka, amekatwa. Dawa ni kazi ndogo yenye saa yake, na yenye mtu anayeingojea. Angalieni sana hayo mawili. Kazi isiyo na saa huahirishwa. Kazi isiyongojewa na mtu huachwa.

Hata meli yetu yatufundisha. Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, nayo ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Ikainuliwa toka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, kubeba watu na mizigo yao ziwani miaka mingi sana. Kazi yake ya pili ndiyo iliyopendwa na watu kupita ile ya kwanza.

Nitoe mfano wa kazi ya mkono. Kigoma ni nchi ya michikichi. Michikichi mingi ya zamani ni ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama nyembamba, kwa hiyo mafuta ni machache. Siku hizi kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa mkoani, huzalisha aina ya tenera, yenye kokwa nyembamba na nyama nene. Mche wapaswa kulelewa kitaluni kama mwaka mmoja kabla ya kupelekwa shambani, na hupandwa kwa nafasi ya meta tisa. Ukiisha kupandwa hukaa kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na katika miaka hiyo ya kungoja waweza kupanda maharage au mahindi katikati.

Kitalu ni kazi iliyoumbwa kwa mstaafu! Chataka maji asubuhi na jioni, chataka mtu wa kuona jani lililougua, wala hakitaki nguvu za kijana. Mzee wa miaka 60 akianza leo, atachuma kabla ya kutimiza 65. Na mchikichi mchanga huzaa karibu na ardhi. Haumlazimu mtu kupanda juu. Ile mirefu ya zamani mwachieni kijana, kwa maana mzee akianguka kutoka mchikichini, pensheni yote itaishia hospitalini.

Asiye na shamba asikate tamaa. Mwalimu mstaafu aweza kukaa na watoto watano wa mtaa kila siku saa kumi na moja jioni, wasome kwa sauti. Karani aweza kuandika daftari la kikundi cha kina mama, au la jumuiya ndogo ndogo, lile ambalo kila mwaka halina mwandishi. Muuguzi aweza kumtembelea mgonjwa wa sukari kila Jumanne na kumkumbusha dawa. Fundi wa reli aweza kuwafundisha vijana wawili kunoa msumeno na kutunza vyombo. Hakuna katika haya linalotaka mkupuo. Yote yataka saa, nazo saa mzee anazo tele.

Hapa lazima niseme neno kwa ajili ya kina mama waliostaafu. Baba akistaafu husemwa, “Mzee apumzike.” Mama mwalimu au mama muuguzi akistaafu, juma lile lile huletewa wajukuu wanne, na kila mtu husema, “Bibi yupo, hana kazi.” Yeye hakustaafu, amehamishwa tu kituo! Wajukuu ni baraka, na bibi huwapenda. Lakini mwulizeni kwanza. Na ukimletea mjukuu, leta na unga wake, sabuni yake na ada yake, usiifanye pensheni ya mama yako kuwa mshahara wako wa pili.

Na ninyi mlio vijijini, mnaompokea mstaafu wenu, nawaomba mambo mawili. La kwanza, msimfanye benki. Akikataa kukopesha, msiseme ana roho mbaya. Huenda amepiga hesabu yake vizuri. La pili, msimfanye mgeni. Wazee walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Mkimweka kitini kivulini na kumletea maji ya kunawa kila siku, mwadhani mwamheshimu, kumbe mwamwondoa katika hesabu ya walio hai. Mwiteni katika shauri la mpaka wa shamba. Mwulizeni mbegu. Mpeni mbuzi wawili awe bwana wao.

Wala tusiwasahau wazee ambao hawakupata kuwa na mshahara, maana hao ndio wengi vijijini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 au zaidi. Zanzibar walianza mwezi wa Aprili mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi, iwe alifanya kazi ya mshahara au la, nayo ilianza kwa shilingi 20,000. Huku Bara mkulima mzee hana pensheni ya namna hiyo. Pensheni yake ni watoto wake. Basi mtoto aliye mjini apange kiasi, hata kidogo, na siku ya kukipeleka, wala asiikose. Mzee apataye kidogo kwa siku ijulikanayo hulala usingizi kuliko apataye kikubwa kwa kubahatisha.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, nayo huadhimishwa Dominika ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Ni siku njema. Lakini mzee hali chakula Dominika moja tu, wala upweke haungoji Julai.

Basi juma hili, jioni moja baada ya kula, kaeni pamoja. Ikiwa nyumbani mwenu yuko mstaafu, au atakayestaafu karibuni, mwulizeni maneno matatu: Bahasha ya karatasi iko wapi? Nyumba yala kiasi gani kwa mwezi? Na kesho saa tatu asubuhi, nani atakuwa anakungojea? Mawili ya kwanza yatalinda fedha. La tatu litamlinda yeye mwenyewe. Akikosa jibu la hilo la tatu, msilale kabla hamjamtafutia.

Hayo yatutoshe kwa leo. Kwa herini hadi juma lijalo.